Mgeni Mwenye Mizani: Swali la Haki katika Ujenzi wa Taifa

Katika historia ya kila nchi iliyopata kutawaliwa, yuko mtu mmoja ambaye vitabu humtaja kwa haraka na kumpita. Yeye si mtawala, kwa kuwa hana jeshi wala bendera. Wala si mtawaliwa kwa maana kamili, kwa kuwa ana leseni, ana duka, na mara nyingi ana fedha kuliko jirani zake. Mtu huyo ni mfanyabiashara aliyetoka mbali, au ambaye baba yake alitoka mbali, akakaa katikati ya watu wasio wa asili yake. Siku watu hao wanapoamka na kudai nchi yao, yeye hujikuta pale alipo bila ya kuchagua: mtawala anamdai utii, wananchi wanamdai msimamo, na kila upande unamshuku kuwa ni wa upande wa pili.

Katika insha hii tunakusudia kuuliza swali moja la maadili: mtu wa namna hiyo ahukumiwe kwa kipimo gani? Je, ahukumiwe kwa asili yake, kwa kazi yake, au kwa matendo yake? Tumeona yafaa swali hili tuliulize tukiwa tumesimama Bariadi, katika nchi ya pamba, kwa sababu huko mfanyabiashara na mkulima walikutana mbele ya chombo kimoja ambacho ndicho alama ya haki duniani kote, nacho ni mizani.

Wahenga wetu hawakulikwepa jambo hili. Walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni huleta kitu ambacho mwenyeji hakuwa nacho. Wakasema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba heshima ya ugeni ina mwisho wake, na baada ya hapo mtu huhesabiwa kwa kazi anayoifanya pamoja na wenzake. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza yataja wajibu wa mwenyeji, na ya pili yataja wajibu wa mgeni. Tutaona kwamba shida kubwa huanza pale upande mmoja unapoikumbuka methali moja tu.

Kabla ya kurudi nyumbani, na tutazame mfano wa mbali. Wagiriki walikaa chini ya Dola ya Waturuki wa Osmani kwa karne kadhaa, na wengi wao walikuwa wafanyabiashara mashuhuri katika bandari za dola hiyo. Mwaka 1814, huko Odessa, wafanyabiashara watatu wa Kigiriki walianzisha chama cha siri cha kupigania uhuru wa taifa lao. Hao walichagua. Lakini wako wengine ambao hawakupewa nafasi ya kuchagua. Katika kisiwa cha Chios waliishi matajiri waliofanya biashara ya ubani wa mastiki, na wazee wao walisitasita kujiunga na vita vilivyoanza mwaka 1821. Mwezi Machi 1822 wapiganaji kutoka kisiwa cha Samos walifika Chios kuwasha moto wa uasi. Majeshi ya Sultani yalipokuja kulipiza kisasi, hayakuuliza nani aliasi na nani alikaa dukani mwake. Wazee waliokuwa wameshikwa kama rehani walinyongwa, na maelfu kwa maelfu ya watu wa kisiwa waliuawa au kuuzwa utumwani.

Wala tusidhani kwamba ukatili ulikuwa wa upande mmoja. Mwaka 1821, Wagiriki walipouteka mji wa Tripolitsa, waliwaua Waislamu na Wayahudi waliokaa humo, wake kwa waume. Karne moja baadaye, mwaka 1923, serikali za Ugiriki na Uturuki zilipatana kubadilishana watu. Zaidi ya Wakristo milioni moja walitakiwa kuhesabiwa kuwa ni wa Ugiriki, na Waislamu wapatao laki nne au pungufu wakapelekwa Uturuki. Kipimo kilichotumika kilikuwa dini ya mtu. Hakuna aliyeulizwa amezaliwa wapi, anasema lugha gani, wala amemtendea nini jirani yake.

Funzo tunalolipata hapa ni zito. Watu wa Chios hawakuadhibiwa kwa walilolitenda, bali kwa walivyokuwa. Mtu akiadhibiwa kwa tendo, aweza kujitetea, kutubu au kulipa. Akiadhibiwa kwa asili yake, hana la kujitetea, kwa maana hakuna toba ya kuzaliwa.

Wagiriki wenyewe walifika hadi kwetu. Katika enzi ya Wajerumani baadhi yao walikuja kufanya kandarasi katika ujenzi wa reli, na baadaye wengine wakawa wakulima wa mkonge na tumbaku. Lakini katika nchi ya Usukuma, mtu aliyesimama mahali pa Mgiriki wa hadithi yetu alikuwa hasa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi. Yeye ndiye aliyefungua duka katika vituo vidogo, akauza chumvi, kaniki na majembe, akanunua ngozi na nafaka. Na pamba ilipokuwa zao kuu la biashara katika Jimbo la Ziwa, yeye ndiye aliyeinunua kwa mkulima, na watu wa asili yake ndio waliomiliki viwanda vingi vya kuchambulia pamba hiyo.

Mkulima wa Ntuzu, Itilima au Kanadi alilima kwa jembe, akapalilia, akachuma, akaibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi. Hapo kazi yake ya mwaka mzima iliwekwa juu ya mizani ambayo yeye hakuweza kuisoma, au hata kama aliweza, hakuruhusiwa kuibishia. Malalamiko ya kupunjwa yalienea kote. Watu wakaanza kujipanga ili pamba yao ipimwe na wapimaji wao wenyewe kabla ya kufika kwa mnunuzi. Tendo hilo dogo lastahili kukumbukwa katika utamaduni wa taifa letu. Wakulima hawakulianza dai lao la haki kwa rungu. Walilianza kwa kutaka hesabu iliyo sawa.

Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. La kwanza ni kosa la mtu: mnunuzi fulani, siku fulani, alikandamiza mizani kwa kidole. La pili ni kosa la mfumo. Serikali ya mkoloni ndiyo iliyotoa leseni za kununua na kuchambua pamba. Serikali hiyo ndiyo iliyoweka, katika miaka ya 1920 na 1930, sheria zilizomzuia Mwafrika kupata mkopo kwa uhuru. Na ndiyo iliyowapanga watu kwa ngazi, Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Hata kama kila mnunuzi angalikuwa mwaminifu kama malaika, mkulima bado angalibaki chini katika ngazi hiyo. Kosa la mtu laponywa kwa kumshitaki mtu huyo. Kosa la mfumo haliponi kwa kumpiga yeyote; laponywa kwa kuubadili mfumo wenyewe.

Wakulima wa Usukuma walilielewa jambo hilo mapema kuliko wasomi wengi. Chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani na wenzake, waliunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Katika miaka michache Shirikisho hilo likawa na viwanda vyake lenyewe, na ilipokaribia miaka ya 1960 pamba ya Jimbo la Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwa wakulima wenyewe. Mnunuzi wa zamani alipoteza nafasi yake bila ya kuchomewa duka. Ushindi wa namna hiyo ni wa kiume, na tena ni wa kiutu.

Lakini siasa haikumwacha mfanyabiashara akae pembeni. TANU ilipoundwa mwaka 1954, serikali iliyazuia matawi yake katika Usukuma kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 1958. Wakati huo huo serikali ilitaka kuanzisha mabaraza ya wilaya ya mseto, ambamo Waafrika, Waasia na Wazungu wangekaa pamoja kwa kugawiwa viti. Huko Geita wananchi walilikataa baraza hilo, na mwaka 1958 watu kwa maelfu walifunga safari hadi Mwanza kupeleka madai yao. Na tumfikirie mfanyabiashara katika saa ile. Mtawala amempa kiti ambacho pengine yeye hakukiomba. Akikaa, jirani zake wamwona kibaraka. Akikataa, aliyempa leseni amwona mwasi. Huyo ndiye Mgiriki wetu, amesimama kando ya Ziwa.

Je, wananchi wa Geita walimkataa Mwasia kwa kuwa ni Mwasia? Wako waliosema hivyo. Sisi twaona kwamba jibu limo katika yaliyofuata. Mwezi Januari mwaka ule ule wa 1958, mkutano wa TANU uliofanyika Tabora ulikuwa umekubali, baada ya mabishano makali, kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Katika uchaguzi huo wa 1958 na 1959 Waafrika waliwapa kura zao watu kama Ndugu Amir Jamal, Bibi Sophia Mustafa na Bwana Derek Bryceson, kwa kuwa TANU iliwaunga mkono na wao waliunga mkono madai ya Uhuru. Basi kilichokataliwa Geita kilikuwa kiti kinachotolewa na mtawala kwa kipimo cha rangi. Kilichokubaliwa katika kura kilikuwa kiti kinachotolewa na wananchi kwa kipimo cha imani. Mtu mmoja, mwenye rangi ile ile, aweza kukataliwa kwa njia ya kwanza na kukubaliwa kwa njia ya pili.

Hapa yafaa tuuseme pia wajibu wa mfanyabiashara, maana haki isiyodai kitu kwa upande wa pili si haki bali ni huruma. Wako wasemao, biashara haigombi, wakiwa na maana kwamba mwenye duka hana siasa. Usemi huo ni wa hekima penye ugomvi wa majirani wawili. Hapo mwenye duka na amwuzie kila mmoja. Lakini penye dhuluma, ambayo faida yake yaingia katika kasha la mwenye duka, kunyamaza si kukaa katikati. Mizani iliyoinama haihitaji mtu wa kuiinamisha tena. Yahitaji tu watu wasioisema. Kwa sababu hiyo mfano wa Amir Jamal una uzito. Alizaliwa Mwanza mwaka 1922, katika jamii ya wafanyabiashara wa asili ya Kihindi. Angeweza kuishi maisha yake yote akihesabu marobota. Akachagua kusimama pamoja na waliotaka Uhuru wakati ambapo ushindi haukuwa na hakika, na baadaye alilitumikia taifa kwa miaka mingi akiwa waziri, pamoja na kuwa Waziri wa Fedha. Alipewa jembe, akalishika.

Swali letu lilifika mbele ya Bunge mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Wabunge kadhaa walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika kwanza. Mwalimu Nyerere alisimama kuwapinga kwa ukali usio wa kawaida. Alieleza kwamba taifa likianza kugawa haki kwa rangi, halitaacha katika rangi ya kwanza. Litaendelea kutafuta mwingine wa kumtenga, na mwisho watu wa rangi moja watatengana kwa makabila. Sheria ikapita: wengi waliozaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa wakawa raia siku ya Uhuru, na wengine wakapewa miaka miwili ya kuomba. Kwa maneno mengine, mlango uliachwa wazi, lakini aliyetaka kuingia alitakiwa kutembea kwa miguu yake mwenyewe.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikwenda hivyo. Mwezi Januari 1964, askari walipoasi Dar es Salaam, maduka ya Waasia na Waarabu yaliporwa. Mwezi huo huo, katika Mapinduzi ya Zanzibar yaliyoung'oa utawala wa Sultani, waliuawa pia watu wengi ambao hawakuwa watawala, na miongoni mwao walikuwamo wenye maduka madogo. Na mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke. Uchumi wa nchi ile uliporomoka, lakini hilo silo kosa kuu la tendo lile. Lingekuwa kosa hata kama uchumi ungestawi, kwa sababu mwizi na mwaminifu, raia na asiye raia, walisukumwa katika mlango mmoja.

Msomaji makini ataweza kutuuliza: je, na sisi hatukutaifisha? Ni kweli. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa mabenki na makampuni makubwa, na mwaka 1971 sheria ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Wengi wa waliopoteza majumba walikuwa wa asili ya Kiasia, na wengi waliihama nchi. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja mali. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo inayotenga siasa ya ujamaa na siasa ya ubaguzi. Lakini hatutakuwa wakweli tukidai kwamba tofauti hiyo yatosha. Sheria isiyotaja rangi yaweza kutumiwa na mtu mwenye rangi moyoni mwake, na aliyepoteza nyumba hupata taabu kuitambua tofauti iliyo katika karatasi. Kwa hiyo serikali inayobadili mfumo ina wajibu wa ziada: kueleza, kusikiliza rufaa, na kuwakemea wanaosherehekea kuanguka kwa jirani kana kwamba ndiko kupanda kwa taifa.

Na tena mizani ina ushahidi wa mwisho. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika, kwa kuwa wakulima walikuwa wanalalamika. Wakulalamikiwa safari hii hawakuwa wageni. Walikuwa makarani na viongozi wa vyama vyenyewe, watu wa lugha moja na mkulima, na yalionekana mambo ya ubadhirifu, upendeleo na wizi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi yao ikapewa mamlaka ya serikali. Katika miaka ya 1980 vikarudishwa. Na katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa tena kununua pamba. Katika kila zamu, mkulima wa Bariadi amesimama mbele ya mizani na kuuliza swali lile lile. Kama udanganyifu ungekuwa katika damu ya mgeni, ungeondoka pamoja naye. Haukuondoka, kwa sababu makao yake ni pale mtu mmoja anapopewa uwezo juu ya mwingine bila ya kuulizwa.

Utamaduni wa Wasukuma una hazina ya kutusaidia hapa. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vimewagawa wachezaji wa nchi nzima katika pande mbili za ushindani, lakini upande wa mtu hauamuliwi na kabila lake. Mtu hupokewa, hufundishwa dawa na miiko, kisha huhesabiwa kuwa ni mwenzao. Vivyo hivyo katika vikundi vya kulima: anayeshika jembe katika safu ni wa safu. Wazo kwamba mtu aweza kuwa wetu kwa kuingia na kutenda, wala si kwa kuzaliwa tu, halikuletwa na wasomi wa mjini. Limo katika ngoma na katika shamba.

Mwisho, na tuigeuze mizani upande wa pili. Wasukuma wenyewe leo wametapakaa nchini pamoja na mifugo yao: Usangu, Rukwa, bonde la Kilombero, hata Lindi. Huko wao ndio wageni. Wamenunua na kuuza, wamelima, wamezaa watoto. Na penye ugomvi wa malisho na maji, wamesikia wakiitwa wavamizi wote kwa jumla, mkaidi na mtii pamoja. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu kwa ajili ya kuuhifadhi Mto Ruaha. Hatuamui hapa kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Tunauliza tu: mfugaji aliyetoka Bariadi angependa apimwe kwa kipimo gani huko Usangu? Bila shaka angejibu: nipimwe kwa ng'ombe wangu na kwa mwenendo wangu, si kwa jina la kabila langu. Akishajibu hivyo, amekwisha kumjibu pia mwenye duka wa Bariadi ambaye babu yake alishuka jahazini.

Basi kipimo tunachokipendekeza kwa walimu na vijana wetu ni hiki. Dhuluma ya mfumo iondolewe kwa sheria na kwa umoja wa wanyonge, bila ya kumwonea haya tajiri yeyote, awe mgeni au mwenyeji. Kosa la mtu liadhibiwe kwa mtu huyo, kwa ushahidi. Anayekaa nasi adaiwe jembe, yaani kazi, kodi, ukweli na msimamo siku ya dhiki; na akilishika, asiulizwe tena alikotoka. Kipimo hiki kina mzigo wake, kwa sababu kinamnyima mnyonge kitulizo cha kumchukia mtu aliye karibu, na kinamnyima mfanyabiashara kitulizo cha kunyamaza. Lakini mizani iliyo sawa haina upande unaoifurahia daima. Kila anayeweka mzigo wake juu yake hutamani iiname kidogo kwake.